Mwongozo wa Kuandaa Siku ya Pongezi kwa Wanafunzi katika Kata za Kando ya Ziwa, Mkoani Mwanza

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya walimu, wajumbe wa kamati na bodi za shule, watendaji wa kata na wazazi wanaopewa jukumu la kuandaa siku moja kwa mwaka ambayo shule zote za kata, za msingi na za sekondari, hukusanyika kuwapongeza wanafunzi waliofanya vizuri. Siku hiyo si mahafali. Mahafali huwaaga wanaoondoka, na kwa darasa la saba na kidato cha nne huwaaga watu ambao matokeo yao bado hayajatoka. Siku ya pongezi huwatazama wanafunzi ambao bado wako madarasani, na huwaita pia wahitimu wa mwaka uliopita waje kupokea heshima ambayo siku ya mahafali haikuweza kuwapa. Nimekaa katika kamati za namna hii kwa miaka kadhaa, na mengi ya yaliyomo humu yametokana na makosa tuliyoyafanya wenyewe. Kosa kubwa kuliko yote lilikuwa kuiandaa siku kwa ajili ya mgeni rasmi badala ya kuiandaa kwa ajili ya mtoto na mzazi wake.

Hatua ya kwanza: Undeni kamati ndogo

Watu 9 wanatosha, nao waanze kazi wiki 10 kabla ya siku yenyewe. Mwenyekiti awe mzazi anayeheshimika ambaye hagombei cheo chochote. Katibu awe afisa elimu kata, kwa kuwa ndiye anayezifikia shule zote kwa barua moja. Waongezeni mtendaji wa kata, walimu wawili (mmoja wa msingi na mmoja wa sekondari), mzazi mwingine ambaye ni mama ikiwa mwenyekiti ni baba, mwakilishi wa taasisi za dini, kiongozi wa mwalo (pale mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga), na mwanafunzi mmoja wa sekondari. Wapo watakaoshangaa kumwona mwanafunzi kwenye kikao cha wakubwa, lakini huyo ndiye atakayewaambieni kwamba zawadi mnayoisifia haina faida kwa aliyepewa. Mpango ukishaandikwa, upelekwe kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, na nakala iende kwa mkurugenzi wa halmashauri, ili shughuli itambulike rasmi mapema.

Hatua ya pili: Chagueni tarehe kwa kuutazama mwezi, mashamba na minada

Katika kata za bara tarehe huchaguliwa kwa kuangalia kalenda ya shule peke yake. Kando ya ziwa hilo halitoshi. Wavuvi wa dagaa huvua usiku kwa taa, na taa hizo huwavuta dagaa vizuri pale tu anga inapokuwa na giza. Mwezi unapokuwa mkubwa, mitumbwi hupumzishwa kwa siku kadhaa na wavuvi hurejea nyumbani. Kamati inayotaka kuwaona akina baba kwenye viti vya wazazi, katika mialo kama Igombe na Kayenze au katika visiwa vya Ukerewe na Buchosa, itafute kwanza siku za mbalamwezi, kisha ndipo ifungue kalenda ya shule. Mwaka mmoja tuliipanga siku yetu katikati ya giza, wazazi waliofika wakawa karibu wote ni akina mama, na tukawalaumu akina baba kwa kutojali elimu ilhali walikuwa wamelala baada ya kukesha ziwani wakitafuta fedha za madaftari.

Upande wa mashamba, mvua za vuli huanza mnamo Oktoba na kuendelea hadi Desemba, na za masika hushika Machi hadi Mei, wakati ambapo watu wako shambani na barabara za vijijini ni tope. Kuanzia Juni hadi Agosti ni kiangazi. Mpunga umevunwa, pamba inauzwa, na mkulima wa Magu, Kwimba au Misungwi ana nafasi na walau ana senti mfukoni. Siku ya Mtoto wa Afrika, inayoadhimishwa kila Juni 16 kuwakumbuka wanafunzi wa Soweto waliouawa mwaka 1976, ingefaa sana kwa shughuli hii, ila mara nyingi huangukia wakati shule zimefungwa kwa likizo ya katikati ya mwaka. Kwa maoni yangu kipindi kinachofaa kuliko vyote ni nusu ya pili ya Julai, shule zikiwa zimefunguliwa, na kabla watu hawajaanza kuelekea kwenye maonyesho ya Nanenane pale Nyamhongolo.

Baada ya hapo angalieni siku ya wiki. Ijumaa ina sala ya adhuhuri, Jumamosi ni sabato kwa familia nyingi za Kanda ya Ziwa, na Jumapili ni ya ibada kwa waumini wa makanisa mengine. Zinabaki Jumatatu hadi Alhamisi. Kati ya hizo ondoeni siku ya gulio au mnada wa eneo lenu, kwa sababu hakuna tangazo litakalomtoa mama mwenye genge lake sokoni siku anayoitegemea kwa wiki nzima.

Hatua ya tatu: Amueni ni mafanikio gani yatakayopongezwa

Hii ndiyo hatua inayostahili vikao vingi kuliko zote, ingawa kamati nyingi huimaliza kwa dakika kumi kwa kuandika kwamba watapongezwa wanafunzi watatu wa kwanza wa kila darasa. Uamuzi huo ni mwepesi kuutekeleza, lakini huwapa zawadi watoto walewale kila mwaka, na wale wengine mia saba hujifunza kwamba kazi yao ni kupiga makofi. Ikumbukwe pia kwamba Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha Januari 2023 kutangaza orodha ya shule bora na wanafunzi bora kitaifa, na sioni sababu ya kata kurudisha kwa mlango wa nyuma mashindano ambayo taifa limeyaweka kando. Mwanafunzi wa kisiwa cha Maisome na mwenzake anayesoma shule ya binafsi katikati ya jiji hawakuanzia mstari mmoja, na kuwaweka kwenye orodha moja hakutuambii ni nani kati yao aliyejituma zaidi.

Napendekeza basi kila shule ipewe idadi yake ya nafasi kulingana na wingi wa wanafunzi wake, na nafasi hizo zigawanywe katika makundi. Ufaulu wa juu ubaki kuwa kundi mojawapo, kwa kuwa mtoto anayeongoza darasa naye ameifanyia kazi nafasi hiyo. Kundi la pili, ambalo kwangu lina uzito mkubwa zaidi, ni la maendeleo, yaani mwanafunzi aliyepanda kutoka mahali alipokuwa. Hapa hesabu inahitaji uangalifu kidogo, kwa sababu mtihani wa muhula huu unaweza kuwa mgumu au mwepesi kuliko uliopita, na alama zikilinganishwa moja kwa moja zinadanganya. Chukueni wastani wa mwanafunzi, mtoe wastani wa darasa lake, kisha mlinganishe tofauti hizo za mihula miwili. Tuseme darasa lilikuwa na wastani wa 48 na mtoto akapata 46. Muhula uliofuata darasa likashuka hadi 44, naye akabaki na 46 ileile. Kwa macho ya haraka hakusogea hata hatua moja, kumbe alikuwa chini ya wenzake kwa alama 2 na sasa yuko juu yao kwa alama 2. Mwalimu wa darasa anaweza kuifanya hesabu hii kwa daftari na kalamu katika mchana mmoja.

Kundi la tatu ni la wanafunzi wa darasa la kwanza na la pili waliozimudu stadi za kusoma, kuandika na kuhesabu. Hawa wasipewe nafasi kwa alama za karatasi, bali mwalimu amsikilize kila mtoto akisoma aya fupi. Na siku ya sherehe mmoja au wawili wapewe kipaza sauti wasome mbele ya watu. Sijapata kuona hotuba yoyote iliyoutuliza uwanja kama mtoto wa miaka saba anavyoutuliza anapoisoma sentensi yake ya kwanza mbele ya bibi yake ambaye hakupata nafasi ya kusoma.

Kundi la mahudhurio linahitaji tahadhari. Katika mialo yetu wapo watoto wanaoachwa nyumbani kuanika dagaa, na huko vijijini wapo wanaopangiwa zamu ya kuchunga ng'ombe, hivyo kumpongeza anayehudhuria kila siku ni kumpongeza pia mzazi aliyemwachia nafasi. Lakini msiweke sharti la kuhudhuria siku zote bila kukosa hata moja. Kanda ya Ziwa ina watoto wengi wenye ugonjwa wa selimundu, ambao hulazwa mara kwa mara bila kosa lao. Siku ambazo mtoto alikuwa kliniki au wodini zihesabiwe kama ruhusa, wala zisimpunguzie chochote. Wanafunzi wenye ulemavu washindanishwe katika makundi yaleyale ya wenzao pale inapowezekana, wasiwekewe zawadi ya huruma.

Lipo pia kundi la waliorudi. Waraka wa Novemba 2021 uliwafungulia mlango wa kurejea katika mfumo rasmi wanafunzi waliokatisha masomo kwa sababu mbalimbali, wakiwemo wasichana waliojifungua. Msichana aliyerudi, akakaa na wadogo zake darasani, akafaulu, amefanya jambo ambalo wengi wetu tusingelithubutu. Apongezwe kwa kufaulu kwake, na sababu ya kuondoka kwake isitajwe kabisa jukwaani, hata kama mshereheshaji anaamini kwamba kuitaja kutawafundisha wengine. Historia yake ni mali yake.

Mwisho wa hatua hii kumbukeni michezo na sanaa. Wanafunzi waliofika ngazi ya wilaya au mkoa katika UMITASHUMTA na UMISSETA (michezo ya shule za msingi na ya sekondari), wanakwaya, wachoraji, na wale waliotunza kitalu cha miti hadi miche ikapandwa, wote wanastahili kuitwa. Majina yote yawe yamefika kwa katibu wiki 4 kabla ya siku, yakiwa yamesainiwa na mkuu wa shule na mwenyekiti wa kamati au bodi ya shule, ili jina la mtoto wa mjumbe lisije likaingizwa usiku wa kuamkia sherehe.

Hatua ya nne: Tafuteni fedha bila kumgusa mtoto

Elimu bila ada ilianza Januari 2016 kwa shule za umma kutoka awali hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikaongezwa hadi kidato cha tano na cha sita. Kwa hiyo mwalimu asipitishe karatasi ya michango darasani, na kamwe asimzuie mwanafunzi kushiriki kwa sababu mzazi wake hakutoa kitu. Ombi liandikwe na kamati, lipite kwa mtendaji na halmashauri, na lipelekwe kwa watu wazima mahali wanapofanyia kazi: kwa wamiliki wa mitumbwi, kwa wachuuzi wa samaki, kwa vyama vya msingi vya ushirika wa pamba, kwa vikoba, kwa makanisa na misikiti, na kwa wahitimu wa zamani wanaofanya kazi mjini.

Ombeni vitu zaidi ya fedha. Mwenye duka la vifaa vya shule hutoa madaftari kwa moyo mwepesi kuliko fedha taslimu, mwenye maturubai hukubali kuyaazima kwa siku moja, na mvuvi anayesema hana hela huleta ndoo ya dagaa bila kuombwa mara mbili. Kila kinachopokelewa kiandikwe kwenye daftari moja, kisainiwe na watu wawili, na orodha ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kata. Akitokea mfadhili anayetaka picha yake ichapishwe kwenye kila daftari la zawadi, akataliwe kwa upole.

Hatua ya tano: Andaeni zawadi na vyeti

Zawadi nzuri ni ile ambayo mtoto ataitumia Jumatatu inayofuata. Madaftari makubwa, mkebe wa hisabati, begi, kamusi, sare mpya na taa ndogo ya sola kwa nyumba isiyo na umeme vinafaa kuliko kikombe cha kung'aa kitakachowekwa juu ya kabati. Fedha taslimu nazikwepa, kwa kuwa mara nyingi hugeuka kuwa za nyumba nzima kabla jua halijazama. Kwa kundi moja au mawili mnaweza kutoa safari badala ya kitu: kisiwa cha Saanane, kilichokuwa bustani ya wanyama tangu miaka ya 1960 na kikawa hifadhi ya taifa mwaka 2013, kiko mwendo mfupi wa boti kutoka mjini, na makumbusho ya Wasukuma ya Bujora yako Kisesa, pembeni ya barabara ya kwenda Musoma.

Cheti hakigharimu sana, lakini ndicho kitakachodumu, kwa hiyo kikosewe kitu kingine chochote, jina lisikosewe. Huku kwetu kila darasa lina Kulwa na Doto wake, na mara nyingi lina Kulwa watatu. Anayeandika majina mawili tu atakuja kumpa mtoto mmoja cheti cha mwenziwe, tena mbele ya wazazi wa wote wawili. Andikeni majina matatu, shule na darasa. Majina yanayoanza kwa Ng'w- yanamshinda mtu asiyeyazoea, na mshereheshaji aliyekodiwa kutoka mjini akiyatafuna, uwanja hucheka na mtoto huinuka akiwa na aibu badala ya furaha. Mpeni kazi ya kusoma majina mwalimu mzawa wa eneo, na ayasome yote kwa sauti siku moja kabla, mwalimu wa kila shule akimsikiliza na kumrekebisha.

Hatua ya sita: Pangeni ratiba, kisha muilinde

Anzeni saa 3:00 asubuhi na mmalize saa 7:00 mchana. Sababu si joto peke yake. Mchana nchi kavu inapopata moto, upepo huvuma kutoka ziwani kuja bara, na kadiri siku inavyosogea ndivyo unavyozidi nguvu, ukainua maturubai na kuyameza maneno ya kipaza sauti. Shughuli inayoanza saa 6 itahutubiwa na upepo.

Fanyeni hesabu ya muda kama mnavyofanya ya fedha. Wanafunzi 120 wakiitwa mmoja mmoja, kila mmoja kwa nusu dakika, ni saa nzima, na nusu dakika hiyo haitoshi ikiwa mtoto anatokea nyuma ya uwanja. Wapangeni kwa foleni pembeni ya jukwaa kwa mfuatano wa orodha, shule moja ikimaliza nyingine iwe imeshasimama. Mzazi au mlezi apande pamoja na mwanawe na ndiye ampokeze zawadi. Mgeni rasmi na ampe mkono. Badiliko hili dogo ndilo lililoleta tofauti kubwa kuliko yote tuliyowahi kujaribu, kwa sababu mama aliyezoea kuitwa shuleni anapodaiwa kitu au mtoto anapokosea, safari hii ameitwa jukwaani kushikana mkono na mkuu wa wilaya.

Risala isizidi dakika 5, na isiwe orodha ya upungufu wa matundu ya vyoo. Mambo hayo yana vikao vyake. Mgeni rasmi apewe dakika 15 na aelezwe hivyo kwenye barua ya mwaliko. Itifaki isomwe mara moja tu, na mzungumzaji anayefuata aseme kwamba itifaki imezingatiwa.

Kuhusu mgeni anayechelewa, kamati iamue mapema na iandike kwenye muhtasari kwamba saa 3:30 shughuli itaanza hata kama kiti cha katikati ya meza kuu ni kitupu. Katika shule moja tuliwahi kuwakalisha watoto juani tangu saa 2 asubuhi hadi saa 8 mchana tukimsubiri kiongozi, wawili wakaanguka kwa kizunguzungu, na alipofika tukasoma majina mbiombio kiasi kwamba msichana aliyekuwa ameongoza somo la sayansi hakusikia jina lake, akabaki amekaa. Zawadi yake ilimfikia siku ya pili ofisini, imefungwa kwenye gazeti. Mgeni akichelewa apokewe kwa heshima zote, aketi, na aendelee kutoka pale alipoikuta ratiba.

Hatua ya saba: Ngoma, maonyesho na mataji

Wasukuma wana utamaduni wa muda mrefu wa kushindanisha ngoma, Bagika upande mmoja na Bagalu upande wa pili, makundi mawili yakicheza kwa wakati mmoja na ushindi ukienda kwa kundi lililovuta watu wengi zaidi. Ni mchezo unaopendeza kwa watu wazima wenye ganzi ya kushindwa. Kwa watoto sishauri, kwa kuwa kundi linaloachwa likicheza mbele ya nyasi tupu halisahau. Shule zicheze kwa zamu, kila moja dakika 6, na bugobogobo ya majembe ipewe nafasi ya mwanzo kwa sababu huwakusanya watu waliosimama barabarani wakisita kuingia. Katika visiwa wacheni watoto waimbe kwa Kikerewe au Kikara. Anayetaka kuleta chatu wa kucheza naye ngoma aelezwe kwamba siku hiyo ni ya shule.

Madawati machache yapangwe pembeni kwa maonyesho: kazi za mikono, majaribio ya sayansi, michoro, mboga za bustani ya shule, na wanafunzi wenyewe wakae hapo waeleze walichofanya. Wazazi hupita hapo kabla ya ratiba kuanza na wakati wa chakula.

Mataji ya karatasi za kung'aa na kutunzana kwa noti kumekuwa desturi kwenye sherehe za shule zetu, na siwezi kusema watu waache furaha yao. Lakini mtoto mmoja akivalishwa mataji sita hadi macho yasionekane, huku aliyesimama naye hana hata moja, tumekwisha kuigeuza siku ya bidii kuwa siku ya kuonyesha uwezo wa ukoo. Tulichofanya sisi ni kununua vitambaa vya rangi moja, kila mwanafunzi anayeitwa avishwe kimoja na mzazi wake, na mataji ya binafsi yasubiri hadi ratiba imalizike.

Hatua ya nane: Uwanja, chakula na maji

Pangeni viti vya watoto vikitazama magharibi ili jua la asubuhi liwe mgongoni mwao, na turubai la kwanza kupatikana liwe lao. Meza kuu ipate la pili. Kamba za maturubai zifungwe kwenye vigingi vya chuma upande unaotazama ziwa. Ulinzi wasimamie polisi kata pamoja na sungusungu, na huduma ya kwanza iwe na muuguzi wa zahanati aliyeombwa kwa barua.

Kilo 1 ya mchele hutosha watoto 7 au 8, kwa hiyo watoto 600 watahitaji kama kilo 80, na mama lishe wa eneo wapewe hesabu hiyo mapema ili waseme wana masufuria ya kutosha au la. Dagaa waliokaangwa vizuri hawana aibu yoyote mbele ya mgeni rasmi. Sangara na sato waliwe na anayeweza kuwanunua. Watoto wale kwanza, wageni baadaye. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, hata kama uwanja unatazamana na ziwa lenye maji yasiyokwisha, na walimu wa zamu wakae njia inayoelekea ufukweni, kwa sababu kuogelea huko kunawaletea watoto kichocho na kwingine kuna mamba. Mifuko ya plastiki ya kubebea imekatazwa nchini tangu Juni 1, 2019, hivyo zawadi zifungwe kwenye karatasi au mifuko ya kitambaa.

Hatua ya tisa: Kuwavusha wanafunzi ziwani

Kwa kata zenye visiwa hatua hii inatangulia nyingine zote. Septemba 20, 2018 kivuko cha MV Nyerere, chenye uwezo wa kubeba watu 101, kilipinduka kikikaribia Ukara kikitokea Bugolora, siku ya gulio, kikiwa kimejaza kupita kiasi. Zaidi ya watu 200 walikufa. Wanafunzi wasisafirishwe siku ya gulio. Chombo kiwe kimesajiliwa na kukaguliwa, kila mtoto avae jaketi la kuokolea maisha linalomtosha tangu anapokanyaga chombo hadi anaposhuka, na mwalimu awe na orodha mbili za majina, moja ikibaki kwa mtu aliye nchi kavu. Safari iwe asubuhi ziwa likiwa limetulia, na kama mawingu ya radi yanaonekana, watoto wabaki. Ikiwezekana, badala ya kuwavusha watoto 40 kwenda kwenye sherehe, wavusheni watu wazima 5 wenye vyeti na zawadi waende kisiwani, wakafanye sherehe ndogo palepale siku inayofuata.

Hatua ya kumi: Picha na majina

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamhusu pia mtoto wa shule, na simu za mkononi zimefanya kila mtu kuwa mpiga picha. Barua ya mwaliko kwa mzazi iwe na sehemu ya kusaini kama anaridhia picha ya mwanawe itumike. Hata akiridhia, msisambaze mtandaoni picha yenye jina kamili na shule kwa pamoja, na picha za waliorudi shuleni zisisambazwe kabisa. Picha moja ya kila shule ichapishwe na ibandikwe ukutani, mahali ambapo wanafunzi wenyewe wataiona.

Hatua ya kumi na moja: Baada ya siku yenyewe

Ndani ya siku 7 kamati ikutane, isome mapato na matumizi, na taarifa ibandikwe palepale ilipobandikwa orodha ya michango. Barua za shukrani ziende kwa kila aliyetoa, aliyeleta turubai na aliyeleta ndoo moja ya dagaa kwa uzito uleule. Maneno mawili ya "wabeja sana" (asante sana kwa Kisukuma) kwa mkono wa mwanafunzi mwenyewe yanatosha, na mchangiaji huyo mwaka ujao hatahitaji kuombwa.

Katibu awe na orodha ya walioitwa lakini hawakuwepo, kwa sababu daima wapo: aliyekuwa amelazwa, aliyehamia Sengerema na wazazi wake, aliyekuwa kambini akimsaidia baba. Vyeti vyao visilale kabatini hadi mwakani. Mjumbe mmoja apangiwe kila jina, na ahesabiwe kuwa amemaliza kazi pale tu anaporudi na saini ya mtoto. Mwaka jana cheti cha mwisho kilikabidhiwa na mwenyekiti wetu kwenye kambi ya wavuvi, siku 19 baada ya sherehe, mtoto akiwa ameshika kikapu cha dagaa kwa mkono mmoja, na wavuvi walioacha nyavu zao wakaja kumpigia makofi.